MREJESHO: Huduma ya uji wodini, Tanga

Shalom wapendwa. Niliwauliza jinsi jumuiya yetu ya watu 12 hapa Tanga itakavyoitikia wito wa kuwahudumia wagonjwa, maana nia tulikuwa nayo ila utaratibu hatuna. Asanteni sana, Mungu awabariki.

Tulianza na ule ushauri wa kumwona muuguzi mfawidhi kabla ya kununua hata kikombe. Umetuokoa kweli: wapo wanaosubiri upasuaji ambao hawatakiwi kula chochote, na wapo wenye kisukari. Kwa hiyo uji unapikwa bila sukari, sukari inakaa pembeni, na hapewi mtu kabla nesi hajaruhusu. Kipimo ni kilo 1 ya unga kwa lita 10 za maji. Unga ukorogwe kwanza kwenye maji baridi, la sivyo unashika madonge. Chupa za chai zisuuzwe kwa maji ya moto, kwani chupa baridi hupoza uji kabla hamjafika kitanda cha mwisho.

Aliyetukumbusha wale watu 7 wa Matendo ya Mitume sura ya 6, waliochaguliwa kuhudumu mezani ili mitume wabaki na maombi na neno, alitufundisha kugawana kazi, anayepika hagawi. Uji ni wa kila mgonjwa, Mwislamu kwa Mkristo. Maombi ni kwa anayeyaomba tu.

Kilichoshindikana ni zamu ya Jumatano. Wengi wako kazini, ndoo ikawaelemea wawili wiki tatu mfululizo. Tumeifuta, imebaki Jumamosi saa 1 asubuhi. Mchango nao unasuasua. Mwenye njia ya kuudumisha bila kuwabana wajane wetu, naomba anielekeze.