Naomba ushauri: dada atoe taarifa zake za kovidi ya muda mrefu?

Ndugu zangu, shikamooni. Dada yangu hapa Arua aliugua korona 2021, akapona, lakini mpaka leo akibeba ndoo ya maji moyo unamwenda mbio, na akirudisha chenji dukani hesabu inampotea katikati. Sasa watafiti wanamwomba ruhusa ya kutumia faili lake la hospitali, pamoja na maelezo ya dalili zake. Natamani sana akubali, maana ugonjwa usioandikwa popote daktari ataujuaje? Ila anahofia majirani wasije wakajua. Sheria ya Uganda ya 2019 ya kulinda data inataka aridhie kwanza. Aliyewahi kusaini fomu kama hizo anisaidie: jina huondolewaje, na akijitoa baadaye, taarifa zilizokwisha kutumwa hufanywa nini?