Pingili ya kufungulia cheni: dalili gani inatosha kuitupa?

Wakuu, naomba ushauri. Cheni ya baiskeli yangu ni ya spidi 11 (gia 11 za nyuma), ina pingili ya kufungulia ("quick link", kiungo cha vipande viwili vinavyoachana) ili itoke nzima na kulowekwa kwenye mafuta ya taa. Kusugua cheni ikiwa kwenye baiskeli husafisha nje tu. Mchanga unaosaga pini hubaki ndani ya roli, vile vigurudumu vidogo vya cheni.

Kufungua ni kwa plaizi yake. Kufunga, pingili inakaa upande wa juu, breki ya nyuma inashikwa, pedeli inakanyagwa hadi isikike "tak".

Tatizo ni hilo "tak". Sasa pingili inaingia kwa vidole tu, kimya. Baadhi ya watengenezaji wa pingili za spidi 11 husema zitumike mara moja, wengine huruhusu kurudia. Hofu yangu ni mfereji wa tundu ambamo pini ya pingili hujifunga kulika, pingili ifunguke ukikanyaga kwa nguvu mlimani.

Je, kukosa mlio pekee kunatosha kuitupa, au mnapima kitu kingine? Na cheni ikiwa imerefuka kwa kulika karibu 0.5%, kuna maana kuiwekea pingili mpya, au nibadilishe vyote?