Tupeane uzoefu: kifaa cha kusikia kisiishie kabatini

MPIMAJI

Wakuu, salamu kwenu. Vifaa vingi vya kusikia hufia kwenye droo vikiwa vizima kabisa. Ukichunguza sababu utakuta hakikurekebishwa kulingana na sikio la mvaaji, au nta imeziba tundu dogo kama kichwa cha pini, au mvaaji hakuambiwa kwamba wiki za mwanzo zina taabu yake. Tuweke hapa mambo yanayofanya kazi, kila mtu kwa upande anaoujua. Naanza na karatasi ya kipimo, kwa sababu wengi huikunja wakaiweka mfukoni bila kuielewa.

Karatasi hiyo inaitwa audiogramu. Kutoka kushoto kwenda kulia ni sauti nzito kuelekea nyembamba, kwa kawaida hezi 250 hadi 8000. Kutoka juu kwenda chini ni desibeli, yaani nguvu inayohitajika ndipo sikio lianze kusikia. Duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya bluu ni la kushoto. Alama ikizidi kushuka, usikivu umezidi kupungua. Kwa mgawanyo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, wastani wa sikio lililo bora ukiwa kati ya desibeli 20 na 35 upungufu ni mdogo, 35 hadi 50 ni wa kati, 50 hadi 65 umepita wa kati, 65 hadi 80 ni mkubwa, 80 hadi 95 ni mkubwa mno, na kuanzia 95 ni uziwi kamili.

Ila umbo la mstari ndilo linaloeleza zaidi kuliko wastani. Watu wengi, hasa wazee na waliofanya kazi kwenye kelele, mstari wao uko sawa kwenye sauti nzito, halafu unaporomoka kuanzia hezi 2000. Irabu zina nguvu na zimekaa upande wa sauti nzito. Konsonanti kama s, f, sh na th ni dhaifu na zimekaa upande wa sauti nyembamba. Chukua maneno taa, saa, paa, kaa na faa: mtu huyu anapata "aa" zote tano vizuri, kinachompotea ni kile kinachotofautisha neno moja na jingine. Akisema "nasikia ila sielewi" anasema kweli tupu. Na kumpigia kelele kunamwongezea "aa" ambayo tayari alikuwa nayo.

KIPIMO CHA NDANI

Mpimaji umefungua vizuri, nami niendelee hapo hapo. Audiogramu ikiingizwa kwenye kompyuta, programu ya mtengenezaji inakadiria kifaa kitoe sauti kiasi gani. Makadirio hayo yanatumia sikio la wastani, na mfereji wa sikio lako una urefu na upana wake. Mara nyingi sauti nyembamba hutoka pungufu kuliko inavyotakiwa, na hizo ndizo zilizokupeleka kupima.

Dawa yake ni kipimo cha sikio halisi. Mrija mwembamba laini wenye maikrofoni huingizwa ndani ya mfereji karibu na ngoma ya sikio, kifaa kinavalishwa juu yake, kisha zinachezwa sauti za mazungumzo kwa nguvu ndogo, ya kawaida na kubwa. Mashine inachora kinachofika kwenye ngoma, mtaalamu anakilinganisha na lengo. Fomula za lengo zinazotumika sana ni NAL-NL2, na DSL hasa kwa watoto. Uliza kwa jina kabla hujatoka kwenye kiti: "Umenipima kwa sikio halisi?" Ni dakika chache, hakuna maumivu, na kwangu hakuna hatua nyingine inayozidi hii kwa umuhimu. Kifaa cha bei ya juu kilichokadiriwa tu kinaweza kuzidiwa na cha kawaida kilichopimwa.

Jambo la pili ni kikomo cha sauti kubwa. Kama mlango ukibamizwa au sahani zikigongana unashtuka hadi unataka kukivua, usipunguze sauti yote. Kuna mahali pake pa kurekebisha kikomo peke yake, na sauti za kawaida zikabaki zilivyo.

BI UTULIVU

Nizungumzie kuzoea. Ubongo uliokaa miaka bila kusikia friji, nyayo, karatasi na maji ya bomba unavipokea vyote kama habari mpya. Haujui bado kipi cha kupuuza. Ndiyo maana siku ya kwanza kila kitu kinaonekana kina makelele na kina mlio wa bati.

Anza nyumbani, mahali patulivu, na mtu mmoja wa kuzungumza naye. Saa mbili hadi nne siku za mwanzo, kisha ongeza kila siku, lengo likiwa kuvaa tangu kuamka hadi kulala ndani ya wiki mbili hivi. Sokoni na kwenye sherehe pawe mwishoni. Soma kwa sauti dakika kumi kila siku ili uzoee sauti yako mwenyewe. Sikiliza taarifa ya habari huku ukifuata maandishi kama yapo. Wengi huona tofauti baada ya wiki nne hadi sita, wengine miezi kadhaa, hasa kama upungufu ulikaa muda mrefu bila msaada.

Anayekivaa Ijumaa kwa Ijumaa tu, kila Ijumaa ni siku yake ya kwanza. Vifaa vingi vya sasa huhifadhi idadi ya saa vilivyowashwa, na mtaalamu anaziona, basi mweleze ukweli ili asije akarekebisha tatizo ambalo halipo.

Andika malalamiko kwa mahususi. "Hakifanyi kazi" haimsaidii mtu. "Sauti za watoto zinachoma, za wanaume ziko mbali, nikiwa kwenye gari upande wa kushoto kunavuma" inamwambia aguse wapi.

MSOMAJI KIMYA

Nashukuru kwa darasa. Naomba ufafanuzi: sauti yako mwenyewe kusikika kama uko ndani ya pipa, hilo nalo ni la kuzoea?

KIPIMO CHA NDANI

Linaweza kuwa la kuzoea, lakini kwanza litambue. Kifaa kikiwa sikioni, kizime. Sema "iiii", kisha "uuuu". Kama mvumo bado upo, sababu ni kuzibwa kwa mfereji: sauti ya koo inapita kwenye mifupa, inaingia mfereji, haina pa kutokea. Tiba ni kipira (ile ncha laini inayoingia sikioni) chenye matundu zaidi, au kupanua tundu la hewa kwenye moldi (kipande kilichotengenezwa kwa umbo la sikio lako). Kama mvumo umekwisha baada ya kuzima, basi kifaa kinatoa sauti nzito kupita kiasi na kinapunguzwa kwa kompyuta. Ukichanganya hayo mawili utarudi kliniki mara tano bila nafuu. Mwenye upungufu mkubwa hata kwenye sauti nzito hawezi kutumia kipira cha matundu, nguvu itavuja, kwake itabidi kuvumiliana kidogo.

FUNDI MRIJA

Kuna watu wamewekewa vifaa vizuri na wanaishi na mluzi. Mluzi ni sauti iliyotoka kwenye spika, ikavuja, ikarudi kwenye maikrofoni, ikakuzwa tena. Kidogo ukikumbatiwa au ukilalia mto ni kawaida. Ukiwa umekaa wima, si kawaida.

Bonyeza taratibu moldi au kipira kiingie vizuri. Mluzi ukikoma, kuna uvujaji: hakijakaa sawa, kipira ni kidogo, au moldi imekuwa ndogo kwa sikio lililobadilika. Watoto wadogo hubadilishiwa moldi mara nyingi kwa sababu masikio yanakua. Ukiendelea, kitoe sikioni na uzibe kwa kidole tundu la kutolea sauti. Ukikoma sasa, kifaa ni kizima, tatizo liko sikioni, na mara nyingi ni donge la nta linalorudisha sauti nje. Usiongeze nguvu, kasafishwe sikio. Ukiendelea kulia hata umeziba, kagua mrija kama una ufa, hasa unapoingia kwenye ndoano, kile kipinde cha juu ya sikio. Mrija mzima bado mluzi upo? Peleka kwa fundi.

Mrija wa moldi huwa mgumu na wa njano kadiri siku zinavyopita. Ubadilishwe kila miezi mitatu hadi sita. Ukikaa zaidi unakaza, unaivuta moldi kutoka sikioni, mluzi unaanza upya.

Na kwa vile vya spika ndani ya mfereji: waya una vipimo vya urefu. Mrefu mno unabenuka juu ya sikio, mfupi mno unavuta kipira nje kila ukitafuna. Kikitoka toka, usinunue kipira kikubwa kabla ya kuangalia waya.

NADHIFU

Usafi. Hapa ndipo vifaa vingi vinaponyamaza, kwa hiyo mniwie radhi kwa urefu.

Kila usiku kifute kwa kitambaa kikavu. Usitumie maji, spiriti wala manukato. Brashi ndogo laini ipite kwenye matundu ya maikrofoni huku ukikishika matundu yakitazama chini, uchafu udondoke badala ya kusukumwa ndani. Ukipiga mswaki tundu likitazama juu unaziba mwenyewe. Asubuhi ni bora kwa upande wa nta, maana ikishakauka usiku inabanduka kwa urahisi.

Kichujio cha nta ni kile kiduara cheupe kwenye mdomo wa spika. Hakisafishwi, kinabadilishwa. Kijiti chake kina ncha mbili. Ng'oa kipira kwanza. Ncha tupu ingiza katikati ya kichujio cha zamani, sukuma, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Geuza kijiti, bonyeza kichujio kipya hadi kikae sawa na ukingo, vuta kijiti. Rudisha kipira, kivute kidogo kuhakikisha kimeshika. Mwenye nta nyingi atabadilisha kila wiki mbili, mwingine hata miezi miwili. Vichujio haviingiliani kati ya aina na aina, basi chukua jina kamili la chako.

Moldi ya kifaa cha nyuma ya sikio inaoshwa, lakini itenganishwe na kifaa. Maji ya uvuguvugu na sabuni laini, suuza, puliza mrija kwa kipulizio cha mpira hadi hakuna tone, acha usiku kucha. Moldi yenye spika ndani haioshwi kamwe.

Unyevu: kopo lenye kifuniko na chembe za kunyonya maji, kifaa humo kila usiku, mlango wa betri wazi na betri nje. Kikilowa, usikipashe kwa kikausha nywele wala usikianike juani. Kifute, kiweke kwenye kopo usiku kucha, na kile cha kuchajiwa usikiweke kwenye chaja kikiwa kimelowa.

Kikinyamaza ghafla, fuata mpangilio huu kabla ya kukata tamaa: betri au chaji, mlango umefungwa, kichujio, kipira, matundu ya maikrofoni, kisha programu, pengine kimenyamazishwa kwenye simu.

FUNDI MRIJA

Kwenye betri Nadhifu hujaingia. Za kutupwa zinatambulika kwa rangi: namba 10 njano, 312 kahawia, 13 chungwa, 675 bluu. Zinafanya kazi kwa hewa. Ukibandua kibandiko, iache wazi dakika moja hadi tano ndipo uifungie. Ukiwahisha, inaanza dhaifu na unadhani ni mbovu. Kurudisha kibandiko hakuirudishi nyuma, inaendelea kuisha hata ukiivua. 312 hukaa takriban siku tatu hadi kumi, 13 karibu wiki moja au mbili, na kurusha muziki na simu kunapunguza siku hizo. Wenye watoto wadogo nyumbani waombe mlango wenye kufuli. Betri ikimezwa, hospitali saa hiyo hiyo, na asilazimishwe kutapika.

KARIBU KIDOGO

Mimi nazungumzia kelele. Hakuna kifaa kinachofuta kelele yote, tusiahidiane. Sauti ya mtu hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu: kutoka mita 1 hadi 2, sita, hadi 4, sita nyingine. Kelele ya ukumbi inabaki pale pale. Kusogea karibu ni msaada mkubwa kuliko kitufe chochote.

Maikrofoni za kifaa zikielekezwa mbele hukandamiza yanayotoka nyuma. Kaa mgongo wako uelekee kelele, msemaji awe mbele yako, mwanga uangukie uso wake. Darasani au mkutanoni, maikrofoni ya mbali inayobandikwa kifuani kwa msemaji, kama sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, inashinda kiti cha mbele. Kwenye kumbi na nyumba za ibada zenye waya wa kitanzi, washa programu ya T, inayopokea sauti moja kwa moja kutoka kwenye waya huo. Mwombe mtaalamu aiwashe mapema, huenda ipo ila imefungwa.

Simu isiyounganishwa kwa Bluetooth isiwekwe kwenye tundu la sikio. Kwenye kifaa cha nyuma ya sikio, maikrofoni iko juu, ipandishe simu huko na uiinamishe hadi sauti iwe wazi.

Kwa jamaa wa nyumbani: muite jina kwanza, akugeukie, ndipo useme. Sema kwa kasi ya kawaida, usifunike mdomo. Asipopata mara ya pili, badilisha maneno. Badala ya kurudia "wanafika saa sita", sema "wageni watakuja mchana". Na jioni akinyamaza na kuvua vifaa, mwacheni. Kusikiliza siku nzima kwa upungufu ni kazi inayochosha mwili kabisa.

MSOMAJI KIMYA

La mwisho: kipira kikibaki ndani ya sikio?

NADHIFU

Usikichokonoe kwa kibano wala pamba ya kijiti, utakisukuma. Kama ncha inaonekana nje kabisa na unaweza kuishika kwa vidole, vuta. Vinginevyo nenda kwa daktari wa masikio, ana kifaa chake cha kukitoa.

MPIMAJI

Na kuna ya kutosubiri miadi: usikivu wa sikio moja kupotea ghafla, ndani ya saa chache au hadi siku tatu, uwe na kizunguzungu au usiwe nacho. Hilo ni la daktari siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa zake hufanya kazi vizuri zikianza mapema. Usaha, maumivu, au sikio moja kuzidi kushuka kuliko jenzake, navyo daktari kwanza, marekebisho ya kifaa baadaye.