Antivirusi gani kwa kompyuta ya nyumbani? Nahitaji kabla ya Jumapili

BabaWatatu_KahawaWest
Habari zenu wadau. Nina laptopu, HP ya mitumba niliyonunua mjini, Windows 10, RAM giga 4. Watoto wanaifanyia kazi za shule, mimi naigusa mara moja moja. Natafuta antivirusi isiyoifanya mashine iwe nzito. Nimetajiwa Kaspersky, Avast, Bitdefender na ESET. Bajeti ni shilingi 2,500. Ikizidi hapo mama watoto ataitisha maelezo. Nichagulieni moja tu, kabla ya Jumapili.

JiraniUmoja
Usinunue chochote. Windows 10 ina antivirusi yake ndani, Defender, bure. Hakikisha imewashwa na inajisasisha, basi. Kinachonitia wasiwasi ni Windows yenyewe: Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Jaribu kupanda hadi 11, ingawa laptopu nyingi za mitumba hukataliwa kwa sababu ya prosesa ya zamani.

PengwiniRongai
Weka Linux.

SaibaYaZamani
Umenikumbusha mbali. Nilikuwa na saiba Kayole, mashine sita, enzi za flashi. Mteja anaingia kuprinti CV, anachomeka flashi, ukitazama folda zote zimegeuka shotikati za kilobaiti moja. Wanafunzi wa chuo walikuwa wanalia kabisa. Mimi naandika amri ya attrib, faili zilizofichwa zinajitokeza, naitwa daktari. Shilingi 50. Kuna dada alirudi mara tatu na flashi ile ile hadi nikaelewa kwamba hakuletwa na flashi. Sasa tuna watoto wawili.

BabaWatatu_KahawaWest
Hongera mkuu, lakini bado sijajibiwa. Kaspersky au Avast?

Kamau_wa_Nyaya
Kaspersky inakamata virusi vizuri, ila Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake huko mwaka 2024 kwa sababu kampuni ni ya Urusi. Kwetu inauzwa kama kawaida. Avast nayo, mwaka huo huo, iliamriwa na FTC, tume ya Marekani ya kulinda wateja, ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza habari za tovuti ambazo wateja wake walikuwa wanatembelea. Yaani askari anakulinda huku anauza habari za wageni wako. Chochote utakachochagua, weka moja. Mbili kwenye RAM giga 4 zitapigana na wewe ndiye utakayeumia.

MwalimuMstaafu
Kwanza lugha: ni kingavirusi. Pili, vijana mnajaza kompyuta takataka za mtandaoni halafu mnatafuta dawa ya kuzitoa. Mimi natumia mashine moja tangu nistaafu na haijawahi kuugua.

SaibaYaZamani
Mwalimu, haijaugua kwa sababu haijawahi kuwashwa.

Dada_SouthB
Samahani, mimi nimekwama hapo juu. Kwa nini Jumapili?

BabaWatatu_KahawaWest
Ni siku tu niliyojiwekea.

Dada_SouthB
Baba Watatu. Mtu hakimbilii kufuli hivyo kama mwizi hajaingia. Sema.

BabaWatatu_KahawaWest
Sawa. Tangu Jumanne faili hazifunguki. Majina yake yote yameongezewa herufi nne mwishoni ambazo sizielewi. Kila folda ina barua inayoitwa _readme.txt, inasema nilipe dola 490 ndani ya saa 72, la sivyo itakuwa 980. Humo ndani kuna hesabu za chama chetu, wanachama 22, michango na mikopo ya miaka minne. Mimi ndiye mweka hazina. Jumapili tunakutana kugawana.

Lakini hilo nimeshalishughulikia. Kuna fundi wa Luthuli Avenue, tunatoka kijiji kimoja, anasema akiweka antivirusi yenye leseni ya maisha itasafisha na faili zitarudi. Nimempa 1,000 ya kwanza. Ameniachia nichague kati ya hizo nne. Ndiyo maana nauliza.

JiraniUmoja
Kaka, hakuna itakayorudisha faili kati ya hizo nne. Kumtoa mwizi nyumbani hakufungui sanduku alilofunga akaondoka na ufunguo. Na leseni ya maisha ni ya maisha ya nani? Hizo kampuni huuza kwa mwaka. Jumanne ulipakua nini?

BabaWatatu_KahawaWest
Programu ya kuhariri PDF. Ilikuja na kreki yake, ile ya kuruka leseni. Maagizo yalisema zima Defender kwanza kwa sababu huwa inasumbua. Mbona kila mtu hufanya hivyo? Hata Windows niliwekewa na fundi huyo huyo kwa njia hiyo na nimekaa miaka miwili bila shida.

Kamau_wa_Nyaya
Mlinzi ulimpa likizo mwenyewe, ukamwachia mgeni geti wazi.

KinyoziGithurai
Subirini kidogo. Jamaa alianza na kazi za shule za watoto, sasa ni mweka hazina. Amejiunga juzi na huu ndio uzi wake wa kwanza. Hiyo ya dola 490 na saa 72 nimeisoma mara kumi sehemu nyingine, maneno yale yale. Mimi naona mambo mawili. Ama ni tangazo na kesho namba ya fundi italetwa hapa. Ama pesa za chama zimeliwa na anatengeneza ushahidi, ili Jumapili awaonyeshe watu simu: oneni, ni kirusi, hata mtandaoni nimelia.

SaibaYaZamani
Wa kwetu Dandora alisema daftari limeliwa na panya. Panya hao hao wakanunua pikipiki.

Dada_SouthB
🤣🤣 Aki hapana.

BabaWatatu_KahawaWest
Sijala pesa ya mtu! Usiku wa jana nimepata usingizi wa saa mbili tu. Mnadhani hii ni mchezo?

JiraniUmoja
Kinyozi, maneno yanafanana kwa sababu barua ni ile ile. Hicho kirusi kinaitwa STOP, wengine Djvu, na hupenda kusafiri ndani ya kreki. Wengi wanaopigwa huachiwa _readme.txt yenye bei hiyo hiyo. Kwa hiyo kirusi nakiamini. Hilo la pesa sijaliamini wala kulikataa.

Baba Watatu, usilipe. Usifute zile faili, zinakili kwenye diski ya nje hivyo zilivyo. Kampuni ya Emsisoft ina programu ya bure ya kuzifungua, lakini hufanya kazi tu ikiwa kirusi kilitumia ufunguo wa nje ya mtandao, yaani ule wa akiba kinaoutumia kikikosa intaneti, na ufunguo huo umeshapatikana. Pitia pia tovuti ya No More Ransom, ilianzishwa 2016 na Europol (polisi wa Umoja wa Ulaya), polisi wa Uholanzi na wengine. Kisha mashine ifutwe yote na kuwekwa Windows halali. Nywila zako za barua pepe, benki na eCitizen badilisha leo, kwa simu, si kwa laptopu hiyo. Kirusi hiki kimewahi kuletwa pamoja na mwenzake anayeiba nywila.

Dada_SouthB
Na hesabu zenyewe? Michango ilikuwa inalipwa vipi?

BabaWatatu_KahawaWest
M-Pesa.

Dada_SouthB
Paybill ya chama?

BabaWatatu_KahawaWest
Namba yangu. Ilikuwa rahisi kwa kila mtu.

KinyoziGithurai
Sina la kuongeza.

Dada_SouthB
Basi hizo hesabu hazijapotea, ziko Safaricom. Piga *334#, omba taarifa ya M-Pesa itumwe kwa barua pepe yako. Kila aliyetuma jina lake lipo, tarehe ipo, kiasi kipo. Na mpigie mwenyekiti simu leo. Asisikie Jumapili mbele ya watu 22.

MwalimuMstaafu
Katika chama chetu mweka hazina ana daftari la mkono na katibu ana nakala. Tangu 1996.

BabaWatatu_KahawaWest
Nimempigia mwenyekiti. Amenyamaza kwenye simu muda mrefu, kisha akasema nije na fundi wangu Jumapili. Taarifa ya M-Pesa nimeipata, ni kurasa nyingi na ni PDF. Kuna mtu ana programu ya kuigeuza iwe Excel? Hata kama ni ya kreki, mradi iwe safi.