Naomba ushauri: nyumba ya wazee kwa mama mkubwa anayesahau

Assalaam alaykum jamaa zangu. Mama mkubwa ana miaka 76, na daktari kasema ana dimenshia, ule ugonjwa wa kusahau. Mchana hana tabu. Ikikaribia magharibi ndiyo huvaa buibui akadai anarudi kwao Makunduchi. Tumeshamfuata Darajani mara mbili, yuko peku.

Kaka anataka apelekwe nyumba ya wazee. Za hapa Unguja, Sebleni na Welezo, nazijua kwa nje tu. Naona haya hata kuandika (majirani hapa Jang'ombe watasema tumemtupa), lakini usingizi sina.

Nimefikiria niende kuangalia jioni, saa yake ya kuhangaika, siyo asubuhi wakati kila kitu kimeshafagiliwa. Niulize usiku wanabaki wahudumu wangapi, geti linafungwa vipi, dawa anampa nani, na akikataa kuoga wanamfanyaje. Lipi jengine niangalie?

Na yupo aliyewahi kupata mtu mwaminifu wa kuja kukaa na mgonjwa nyumbani kuanzia alasiri? Pensheni jamii yake (ile ya serikali kwa wazee) haitoshi kumlipa, ila tutachangishana.