Kiuno kinauma wiki ya tatu, figo ndo zimekufa?

Mleta uzi: Wakuu habari zenu, naombeni ushauri kabla sijachanganyikiwa. Kiuno kinauma huku chini kabisa juu ya makalio, nikiinama kufunga viatu ndo balaa, asubuhi mkojo unatoka njano imekolea na usiku naamka mara tatu kukojoa. Nimeanza kunywa maji lita tano kwa siku nisafishe figo, diklofenaki ya kutuliza maumivu nameza asubuhi na jioni, lakini wapi. Halafu kuna mtu kaniambia figo moja ikifa na ya pili inafuata, kweli? Nina miaka 34, presha na sukari sijawahi kupima.

Mzee Kijiti: Lita tano halafu unashangaa kuamka mara tatu? Ulitaka yatokee masikioni?

Bi Maabara: Mkuu hapo unaposhika hakuna figo. Shika kiuno kama mtu anayetafuta ugomvi, vidole gumba viwe mgongoni, sasa pandisha mpaka uguse mbavu za mwisho, hapo ndo zilipo, ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ya ini. Maumivu ya kuinama mara nyingi ni misuli. Jiwe likikwama kwenye ule mrija wa kwenda kibofuni, mwembamba na una sentimita 25 hivi, ungekuwa unagaragara chini, hata huu uzi usingeuandika.

Njano ya asubuhi ni kawaida, usiku kuna homoni inaziambia figo zibane maji. Na kwa siku figo zinachuja kama lita 180 halafu karibu zote zinarudisha kwenye damu, unakojoa lita moja na nusu au mbili tu, kwahiyo hizo tano zako hazioshi kitu. Mimi kinachonitisha ni hiyo diklofenaki, inabana vimishipa vinavyopeleka damu kwenye vichujio. Acha kwanza, umuone daktari.

Figo Moja: Mimi nilimpa dada yangu figo, mwaka wa sita huu nadunda na moja. Iliyobaki inatanuka kidogo inabeba na kazi ya mwenzake. Ila presha na kisukari vikipiga vinapiga zote mbili, nadhani huyo jamaa yako ndo alichanganya hapo.

Mleta uzi: Na povu je? Maana chooni naliona.

Bi Maabara: La kupotea hapohapo achana nalo, likiganda kama la sabuni kila siku inaweza kuwa protini inavuja. Pima mkojo, kreatinini (uchafu wa kwenye damu ambao figo huutoa), presha na sukari kwa pamoja, kreatinini peke yake inaweza kusoma vizuri huku figo zimeshapungua nguvu karibu nusu. Ukiona damu, homa au kuvimba miguu usisubiri kesho.

Mleta uzi: Nimeshika kama ulivyosema, kumbe siku zote nilikuwa nashika kwingine kabisa. Dawa nimeacha, vipimo kesho asubuhi. Halafu ndo nakumbuka, wiki maumivu yalipoanza nilihamisha kabati peke yangu.

Mzee Kijiti: Kabati!! Na figo ulishazichimbia kaburi.