Kufunga sola kwenye treila ya kulala bila kutoboa paa, inawezekana?

Kijana_wa_Handeni

Habarini wadau. Niko Texas upande wa Fort Worth, mwaka huu mi na familia tumenunua treila ya kulala, zile za kuvutwa na pikapu, used, futi 22, ina vitanda, jiko la gesi, friji ya kutumia gesi au umeme, choo na hita. Haijawahi kuvuja, nimepanda juu mwenyewe nikabonyeza kila kona hamna sehemu inayobonyea. Sa shida ni umeme. Tunapenda kwenda kukaa porini New Mexico na Arizona kwenye zile ardhi za serikali za BLM, sehemu nyingi wanakuruhusu kukaa bure mpaka siku 14 lakini hamna soketi, hamna bomba, hamna kitu. Betri iliyokuja nayo ni moja tu ya asidi, volti 12, saizi group 24, sa usiku hita ikiwaka waka mpaka alfajiri mnaamka taa zimefifia na pampu ya maji inakoroma tu haivuti.

Nataka kuweka sola ila SITAKI kutoboa paa. Paa lenyewe ni la mpira mweupe. Nimeuliza duka moja la treila huku wakaniambia skrubu ni lazima na wakanipa bei ya kufunga ambayo kwa kweli imenikatisha tamaa, na kuna jamaa wawili nawafahamu treila zao zimeoza mbao za juu kwa maji yaliyoingia kwenye vitundu vya skrubu, maji yanatembea kimya kimya huko ndani mpaka siku dari linavimba.

Naomba mawazo, nigundishe paneli? niziweke chini? nizifunge juu ya pikapu? Na wati ngapi zinatosha? Ac hatuhitaji, najua ile ni kazi ya jenereta. Ni taa, pampu, feni ya hita maana watoto wadogo na baridi ya jangwani usiku si mchezo, simu na laptop moja.

Mama_wa_Tucson

Karibu sana jangwani kaka. Usitoboe na usigundishe, weka chini. Sisi tunatumia paneli ya kukunja ya wati 200, inafunguka kama begi, ina miguu yake nyuma. Ukifika kambini unaitoa, unaitegesha, unachomeka waya, basi.

Na sikwambii kwa sababu ni rahisi tu. Huku Arizona kuanzia mwezi wa tano unatafuta mti upaki treila kivulini, la sivyo ndani kunakuwa tanuri. Sa paneli ikiwa juu ya paa na treila iko kivulini unapata nini? Na kivuli chenyewe si lazima kiwe kikubwa, tawi moja likipita juu ya paneli unaona namba kwenye kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri, zinaporomoka. Ya chini unaiburuta mpaka kwenye jua, asubuhi naielekeza mashariki nikiwa nasubiri chai ichemke, kwenye saa tano naigeuza kusini, saa tisa naigeuza tena. Nageuza kwa mkono mmoja, sekunde chache, na ampia unaziona zinapanda hapo hapo.

Hasara zake zipo, nisikufiche. Upepo wa jangwani unakuja ghafla tu, sa miguu yake lazima uifunge na vigingi au uning'inize dumu la maji kwenye fremu. Na wezi, pitisha mnyororo wenye kufuli kwenye fremu mpaka kwenye chesisi ya treila, hasa mkitoka kwenda kutembea. Na mkiwa safarini paneli imekunjwa ndani haichaji kitu.

Baharia_Houston

Mi naona tusimtishe jamaa kuhusu kugundisha. Mimi zangu mbili ziko juu ya paa na hamna tundu hata moja. Nimetumia tepu ya VHB ya 3M, ile nyeusi ya pande mbili, kwenye vile vibano vya pembeni, alafu pembeni yake nikazungushia gundi ya kuziba ya Dicor maji yasiingie chini ya tepu. Siri ni usafi, futa na spiriti ile ya isopropili mpaka kitambaa kitoke cheupe, ubandike siku ya joto, chini ya nyuzi 10 haishiki vizuri, ukandamize kwa nguvu alafu UIACHE, masaa 72 ndo inafikia nguvu yake yote. Watu wanabandika asubuhi jioni wako barabara kuu.

Waya nimepitisha kwenye tundu la hewa la friji, lile lenye kofia ya plastiki juu ya paa, lilikuwepo tangu kiwandani. Kama friji yako ni ya gesi huenda na wewe unalo. Unashusha waya humo nyuma ya friji mpaka chini, ila uufunge ukae mbali na bomba la moshi la friji maana pale kuna moto wa gesi na pana joto kali.

Kijana_wa_Handeni

@Baharia_Houston paa lako ni la mpira kama langu?

Baharia_Houston

Hapana mkuu, langu fiberglass.

FundiJua_Dodoma

Hapo ndo penyewe wakuu, mpira na fiberglass ni vitu viwili tofauti. Mi sijawahi kulala kwenye treila ila nafunga sola huku Dodoma na Singida, majumbani, dukani, visimani, na nimemsaidia mdogo wangu aliyeko Colorado kupangilia ya kwake kwa video, kwa hiyo hizo paa nimezisoma.

Paa la fiberglass ni gumu lenyewe, ukibandika kitu umebandika kwenye paa. Paa la mpira ni ngozi nyembamba iliyogundishwa juu ya plywood nyembamba. Hata tepu ikishika sawasawa, kilichoshika paneli yako ni ile ngozi tu. Sa unakwenda maili 65 kwa saa, kilomita kama 105, upepo unaingia chini ya paneli unainyanyua, ngozi inabanduka kwenye mbao taratibu, na siku ikiachia ile paneli inaruka kwenda kwenye kioo cha gari lililo nyuma yako lenye familia ndani. Kwa paa la mpira bila skrubu, mi siwezi kumshauri mtu abandike paneli ya kioo, kabisa. Kuna zile laini zinazopinda, nyepesi, wengi wanazibandika, lakini zikilala moja kwa moja juu ya paa joto halina pa kutokea kwa chini, umeme unapungua na maisha yake yanakuwa mafupi kuliko ya kioo. Na ukiwa unasafisha paa hilo kwa sababu yoyote ile usitumie petroli wala thinner wala kitu chochote cha jamii ya mafuta, inaharibu mpira.

Kwa hiyo naungana na dada wa Tucson. Na kuna sababu nyingine ambayo sisi wa huku hatuifikirii, jua lenu limelala. Hapa Dodoma jua la mchana linapita juu sana mwaka mzima, paneli naiinamisha kidogo tu, ili vumbi litelemke na mvua. Huko kwenu mko latitudo 33 hivi, mwezi wa 12 saa sita mchana jua liko nyuzi 33 au 34 tu kutoka ardhini. Paneli iliyolala juu ya paa saa hiyo inapata zaidi kidogo ya nusu ya jua ambalo ingepata ukiiinua ilitazame. Wati 200 za chini zilizoinuliwa zinaweza kuzipita wati 300 zilizolala, majira ya baridi.

Sa tuje kwenye mahesabu maana watu wananunua paneli kabla hawajapiga hesabu. Mlaji wako mkubwa ni feni ya hita, zinakula ampia 7 mpaka 8 ikiwa inazunguka. Tuseme usiku wa baridi jumla imezunguka masaa manne, hiyo ni kama ampia-saa 30. Kengele ya gesi na vile vitu vidogo vinavyowaka muda wote tuweke 10. Taa za LED, pampu, simu, laptop, tuweke 15. Jumla 55 kwa siku. Betri ya group 24 ni kama ampia-saa 80, na betri ya asidi hutakiwi kuishusha chini ya nusu, kwa hiyo unayo 40. Umeona tatizo? Hata uweke paneli za wati elfu, usiku hamna jua, betri yako haifiki asubuhi.

Kwa hiyo anza na betri. Ungekuwa ndugu yangu ningekwambia uchukue mbili za volti 6 zile za magari ya gofu, uziunge mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, zikupe volti 12, unapata kama ampia-saa 220, nusu yake 110, unalala siku mbili bila jua. Nzito na zinataka kuongezwa distilled water mara kwa mara, lakini baridi haizisumbui sana na chaja ya ndani ya treila inazikubali kama ilivyo. Lithiamu ni nzuri sana, nyepesi, unaitumia karibu yote, ila haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0, na betri yako naamini iko nje mbele pale kwenye chuma cha kuvutia. Ukienda nayo ununue yenye kinga ya baridi, na uhakikishe chaja ya ndani ina mpangilio wa lithiamu.

Paneli wati 200 kwa jua la masaa matano, toa upotevu, zinakupa kama wati-saa 750, yaani ampia-saa 55 hadi 60. Inarudisha ulichotumia. Siku za mawingu haitoshi, hapo unawasha jenereta ndogo asubuhi kwa muda wa saa moja hivi.

Kijana_wa_Handeni

Aisee fundi ubarikiwe, hapo kwenye betri sikuwa nimefikiria kabisa, akili yote ilikuwa kwenye paneli. Ndio, betri iko mbele nje kwenye boksi la plastiki. Sa nikiweka treila kivulini na paneli juani umbali unaweza kuwa mita 10 au 12, umeme haupotei njiani? Na paneli nyingi naziona zina kontrola imefungwa mgongoni kabisa, hiyo ni sawa? Alafu ubavuni mwa treila kuna kisoketi kidogo cheusi kimeandikwa SOLAR, naweza kuchomeka hapo?

FundiJua_Dodoma

Maswali mazuri. Kontrola ya mgongoni iruke. Ikiwa kule kwenye paneli, kinachosafiri kwenye waya ni umeme wa volti 13, 14 na ampia nyingi, wati 200 ni kama ampia 14. Kwenye waya wa mita 12 kwenda na 12 kurudi, hata ukiwa mnene wa milimita 6 za eneo, unapoteza kama volti moja. Kontrola inaona 14.4 inadhani betri imejaa, kumbe betri yenyewe inaona 13.4, inapunguza chaji mapema na betri haijai siku zote. Betri ya asidi isiyojaa inakufa mapema.

Kontrola ikae karibu na betri, ndani ya mita moja au mbili. Paneli mbili za wati 100 uziunge mfululizo, zinasafirisha volti kama 36 na ampia 5 na kitu, upotevu njiani ni mdogo sana. Ila hapo uwe na kontrola ya MPPT, ile inayogeuza volti za ziada kuwa ampia, inayokubali angalau volti 75, maana zikiwa hazina mzigo zinafika volti 44 na asubuhi ya baridi zinapanda zaidi. PWM, ile aina ya bei rahisi isiyogeuza volti, hapo itakutupia nusu ya umeme wako.

Na raha ya treila yako ni kwamba betri iko nje mbele. Kontrola unaifunga ndani ya lile kabati la mbele la mizigo kama lipo, waya mfupi kwenda kwenye betri, fyuzi ya ampia 20 au 30 jirani kabisa na nguzo chanya ya betri, na plagi ya Anderson, ile nene ya umeme wa DC, inaning'inia nje ya kuchomekea paneli. Paa hujaligusa wala ukuta.

Mama_wa_Tucson

Kwenye hicho kisoketi cha ubavuni kuwa makini kaka. Kwanza ufuate waya wake uone unaishia wapi. Kuna treila unaishia moja kwa moja kwenye betri, kuna nyingine unapitia kontrola ya ndani, na nyingine unaishia umefungwa na tepu nyuma ya kabati haujaungwa popote. Kama kuna kontrola ndani na paneli yako ina nyingine mgongoni, moja lazima uiruke, mbili zikifuatana hazielewani. Kama unaenda kwenye betri bila kontrola, usichomeke paneli tupu.

Pili chanya na hasi. Hivyo visoketi vya ubavuni, vingi ni vya aina ya SAE, vya pini mbili, kuna vilivyounganishwa kinyume na paneli za kampuni nyingine, zinaingiana vizuri kabisa lakini chanya imekutana na hasi. Pima na mita kabla, kuna kiunganishi kidogo cha kugeuza kinauzwa dola chache.

Baharia_Houston

Fundi nimekuelewa kwenye mpira, sikubishii. Na kuhusu pikapu aliyouliza, kama ina reli za juu paneli moja unaweza kuifunga pale kwa vibano, hamna kutoboa, na inachaji mkiwa njiani. Ila mkifika pikapu nayo mnaondoka nayo kwenda mjini, betri ya treila inabaki haina sola. Ile plagi ya pini 7 ya kuvutia nayo inachaji kidogo njiani ila waya wake ni mwembamba na mrefu, usiitegemee kujaza betri.

Kijana_wa_Handeni

Basi nimeamua, betri mbili za volti 6, paneli mbili za mia mia za kukunja, MPPT kwenye kabati la mbele, plagi ya Anderson. Kisoketi cha ubavuni nitakiacha kama kilivyo. La mwisho fundi, nikiunga nianze na nini?

FundiJua_Dodoma

Kontrola na betri kwanza, siku zote. Isome volti za betri, weka aina ya betri kwenye mipangilio yake iwe ya asidi, ndo uchomeke paneli, na wakati unachomeka paneli iwe imefunikwa na blanketi au imelala kifudifudi. Kutoa unaanza na paneli. Na zile betri za gofu zikiwa zinachajiwa zinatoa hewa inayoshika moto, boksi lake liwe na matundu ya hewa, na kontrola isikae humo ndani na betri.